Sala Mbili za Toba Katika Hosea

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu la wiki hii ni Hosea sura ya 6 na ya 14. Ninaomba tuzisome kwa pamoja, kwa kuwa kila moja ina sala ya toba, na Mungu alizijibu sala hizo kwa namna mbili zilizo mbali sana.

Sala ya kwanza tunaifahamu, maana maneno yake ni matamu na huombwa mara nyingi katika mikesha yetu: njoni tumrudie Bwana, yeye ndiye aliyerarua naye atatuponya, baada ya siku mbili atatuhuisha na siku ya tatu atatuinua. Ukiisoma peke yake utasema hii ndiyo toba yenyewe. Lakini mara tu inapokwisha, katika mstari wa 4, Mungu anajibu kwa uchungu, kama mzazi aliyechoka kuahidiwa: Efraimu nikutendee nini, Yuda nikutendee nini? Fadhili zenu ni kama wingu la asubuhi, kama umande unaotoweka mapema.

Kwa nini sala nzuri namna hiyo ikataliwe? Tuangalie hali ya watu walioiomba. Baada ya kufa mfalme Yeroboamu wa pili, ufalme wa kaskazini, yaani Israeli, ambao Hosea anauita pia Efraimu, ulipata wafalme sita tu kabla ya kuangamia, na wanne kati yao waliuawa na watu waliotwaa viti vyao. Zekaria alitawala miezi sita, Shalumu mwezi mmoja. Menahemu alimpa mfalme wa Ashuru, dola kubwa ya wakati ule, talanta 1,000 za fedha ili amsaidie kuushika ufalme, na fedha hizo alizitoza matajiri wa Israeli, shekeli 50 kila mtu. Baadaye wakageuka kuitazama Misri. Hosea anawafananisha na njiwa asiye na akili, arukaye huku na huku, na pia na mkate usiogeuzwa, mfano ambao kila aliyewahi kusimama mbele ya chapati jikoni anauelewa: upande mmoja umeungua, upande wa pili ungali mbichi. Watu hao wanaposema "atatuponya", wanaomba jeraha lipone, ila juu ya Ashuru, sanamu na damu iliyomwagwa hawasemi lolote. Isome tena sala hiyo polepole uone kwamba hakuna dhambi hata moja iliyotajwa ndani yake.

Sasa tufungue sura ya 14. Hapa nabii mwenyewe anawafundisha watu namna ya kuomba, na agizo lake la kwanza ni la ajabu: "Chukueni maneno pamoja nanyi." Katika sura ya 5 walikwenda kumtafuta Bwana na kondoo wao na ng'ombe wao, wasimwone. Safari hii anataka waende na maneno, na maneno yenyewe yanagusa kila jambo walilokuwa wakilificha. Ashuru hatatuokoa. Hatutapanda farasi. Kazi ya mikono yetu hatutaiita tena miungu yetu. Mshirika wao wa siasa, jeshi lao na sanamu zao vinatajwa waziwazi na kuwekwa chini.

Kisha sala hiyo inamalizia kwa kusema kwamba kwa Mungu yatima hupata rehema. Hilo halikuwekwa pale kwa bahati. Binti wa Hosea aliitwa Lo-ruhama, yaani asiyerehemiwa, na neno la Kiebrania linalotumika hapa kwa ajili ya yatima limetoka katika shina lile lile la jina la mtoto huyo. Jina lililotolewa kuwa hukumu linarudi mwishoni likiwa ndani ya kinywa cha wanaotubu, na kile kikanushi cha mbele, "Lo", kimeondolewa. Mimi hukwama hapo kila ninapoisoma sura hii.

Lugha yetu nayo inatusaidia kuipokea habari hii. Sisi husema mwenye dhambi amrudie Mungu, na tena husema mzazi amrudi mtoto wake, yaani amwadhibu ili ajirekebishe, na ndivyo Mithali isemavyo, kwamba Bwana humrudi yule ampendaye. Hosea hakusema Kiswahili, lakini angetuelewa, kwa sababu hata yeye anatumia shina moja la neno kwa kurudi kwa toba na kwa kule kurudi nyuma ambako Mungu, katika 14:4, anaahidi kuponya.

Na ule umande? Katika sura ya 6 ulikuwa ndilo shtaka, upendo usiofika saa tatu ya asubuhi. Katika sura ya 13 unakuwa hukumu: kwa kuwa walipenda kama umande, wao wenyewe watatoweka kama umande, na Samaria, mji wao mkuu, ikaanguka kweli mwaka 722 KK baada ya kuzingirwa miaka mitatu. Ndipo katika 14:5 Mungu anajivika mfano ule ule: nitakuwa kama umande kwa Israeli, naye atachanua. Katika nchi ile kiangazi ni kirefu, na tangu Mei hadi Septemba mvua karibu haipo. Majani ya mzabibu hupata unyevu wake usiku, kimya kimya, kutoka kwenye umande. Neno lililoonyesha unyonge wa upendo wao, Mungu alilichukua akalifanya jina la uaminifu wake, unaorudi kila usiku juu ya majani yaliyokauka.

Jumatatu niliandika maneno yangu kwenye karatasi kabla ya kupiga magoti. Ashuru yangu ilichukua mstari wa kwanza, na ilinichukua muda mrefu kuandika jina lake.