Idd ya Kuchinja: Nairobi, Cairo, Istanbul

Tuliondoka Nairobi kwenda Cairo Jumatano, Juni 12, 2024, siku nne kabla ya Idd ya kuchinja, na hizo siku nne zilitufaa sana. Misri wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Likizo ilitangazwa kuanzia Jumamosi ya Arafa, siku ya kuamkia Idd, tarehe 15, hadi Alhamisi tarehe 20. Ziunganishe na wikendi za pande zote mbili: siku 9 mfululizo za ofisi kufungwa. Mwenye muhuri wa kutafuta au pesa za kupokea benki alibaki na Alhamisi moja, tarehe 13. Kenya ilitenga Jumatatu tarehe 17 tu, na hapo ndipo wasafiri wa kwetu hukosea: hupima sikukuu za wenzao kwa kibaba cha nyumbani. Dola zetu tulizinunua mapema Eastleigh, noti safi zisizo na mkunjo wala wino.

Swala nayo ina hesabu yake. Juni saa za Cairo na Nairobi hulingana, kwa sababu Misri husogeza saa mbele majira ya joto, lakini jua la huko hutangulia letu kwa zaidi ya nusu saa. Idd huswaliwa jua likishapanda kidogo. Ukienda uwanjani saa moja na nusu kama ulivyozoea Nairobi, utakutana na watu wakirudi, mikeka kwapani. Rakaa ni 2, na sisi Washafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, tumezoea takbira ("Allahu Akbar") za ziada 7 katika ya kwanza na 5 katika ya pili. Uturuki ni Wahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa: wao huleta 3 na 3, na zile za rakaa ya pili huja baada ya kisomo, kabla tu ya kurukuu. Asiyejua hurukuu peke yake.

Kuchinja ni baada ya swala. Kabla yake ni nyama ya kawaida, si udhuhiya, yaani kichinjo cha ibada ya Idd. Ng'ombe mmoja hutosha watu 7, mbuzi ni wa mtu mmoja. Mchana huko Cairo sahani ni fatta: mkate mkavu uliokaangwa, ukaloweshwa supu, wali juu yake, nyama, kisha kitunguu saumu kilichokaangwa na kuzimwa kwa siki. Siki ndiyo roho ya chakula hiki. Bila hiyo mafuta hukinaisha mapema.

Istanbul tulifika siku ya tatu ya Idd. Likizo yao ni siku 4 na nusu, kwani huanza adhuhuri ya siku ya Arafa. Soko Kuu lililoezekwa lilikuwa limefungwa, na mabasi ya kwenda mikoani yalijaa. Tiketi za mikoani zikatwe wiki kadhaa kabla.

Sikukuu za taifa hazihami: Misri Julai 23, Uturuki Oktoba 29. Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. 2025 Misri na Uturuki walichinja Juni 6. Tiketi ya kurudi, chagua inayokubali kubadilishwa tarehe.