Nicodemus, mji ambao reli iliukwepa

Jumamosi iliyopita tulisafiri kutoka Wichita, tunakoishi, hadi Nicodemus, kijiji cha watu weusi kilichoko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, na mvua haikutuacha tangu Salina hadi tulipofika. Baba Aneth alitaka tuahirishe. Mimi nilishikilia twende, kwa sababu nimesoma habari za mahali hapa kwa muda mrefu na nilitaka binti yetu apaone kabla hajafikia umri wa kukataa kusafiri na wazazi.

Ukishika barabara kuu namba 70 kuelekea magharibi, nchi hufunguka mbele yako: ngano upande huu, malisho upande ule, na nguzo za uzio zilizochongwa kwa mawe ya chokaa, kwa kuwa wakulima wa kwanza wa eneo hili hawakuwa na miti ya kukata. Baada ya Hays tulisimama kando ya barabara ili Aneth aiguse mojawapo. Jiwe lilikuwa limelowa na rangi yake imekolea, lina ukanda wa rangi ya kutu uliopita katikati kama mshipa, na ubavuni mwake bado yanaonekana matundu yaliyotobolewa kwa mkono ili kulipasua. Seng'enge ilikuwa imelegea, lakini nguzo ilisimama wima.

Katika nyanda hizi mji hujulikana kwa ghala lake la nafaka, lile refu jeupe ambalo siku ya jua huonekana ukiwa bado mbali sana. Siku ya mvua unashtukia umeshalifikia. Chini ya kila ghala tuliona mtaa mmoja wa maduka, mengi yamefungwa na madirisha yake yamezibwa kwa mbao, na malori machache yameegeshwa mbele ya kituo cha mafuta. Si kwamba ardhi imechoka. Ngano inalimwa vizuri kuliko zamani, ila mashine zimekuwa kubwa kiasi kwamba familia moja inalima ardhi iliyokuwa ikilisha familia nyingi, na watoto wa waliobaki huenda kusoma mjini wasirudi. Wilaya ya Graham, ambamo Nicodemus imo, ilikuwa na wakazi wapatao 2,400 tu katika sensa ya mwaka 2020.

Kijiji chenyewe kiko kando ya barabara namba 24, kati ya Stockton na Hill City. Kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wameonja utumwa kwa miili yao wenyewe, waliovutwa na ahadi ya ardhi huru wakati ambapo serikali ya Marekani ilikuwa inaondoa askari wake kusini na kuwaachia watumwa wa jana mikononi mwa mabwana wao wa jana. Walishuka kwenye treni huko Ellis, wakamalizia safari kwa miguu na mikokoteni. Mama mmoja, Willianna Hickman, aliyefika na kundi la mwaka 1878 baada ya surua kuua watoto njiani, alisimulia baadaye kwamba wanaume walipopaza sauti kuwa Nicodemus ile pale, yeye alitazama asione kitu, mpaka alipoonyeshwa moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi katika mashimo waliyoyachimba wenyewe. Akaanza kulia. Nilimsimulia Aneth habari hiyo tukiwa bado ndani ya gari, mvua ikipiga kioo, na nje hapakuwa na chochote cha kumzuia mtu asiamini kilio kile: nyasi, anga, na upepo unaosukuma maji kwa ubavu.

Walivumilia. Katika majira ya baridi ya kwanza Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda waliwagawia chakula, na miaka michache baadaye palikuwa na makanisa, shule, hoteli na magazeti mawili. Mwaka 1887 wapigakura wa hapo waliidhinisha hatifungani, yaani mkopo wa umma, za dola 16,000 ili kuishawishi kampuni ya reli ipitishe njia yake mjini kwao. Reli hiyo haikuja. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ilijenga njia kusini ya mto Solomon, maili chache tu kutoka hapo, na wafanyabiashara wakahamisha maduka yao kwenda kwenye reli, mahali panapoitwa Bogue. Tulipita Bogue pia. Ni mji wa watu wasiofika 200, na nilipouona nilipata uchungu zaidi, kwa maana kile kilichouua mji mmoja hakikutosha kuukuza mwingine. Ukame na vumbi la miaka ya 1930 vilimalizia kazi, posta ikafungwa mwaka 1953, na sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 14.

Tangu mwaka 1996 mahali hapa ni eneo la kihistoria la taifa, lenye majengo matano yanayohifadhiwa. Tulianza na ukumbi wa mji, uliojengwa kwa mawe ya chokaa katika miaka ile ile ya shida, wakati serikali ilipowalipa watu wasio na kazi ili wajenge. Tulitembea kwenye matope hadi kanisa la A.M.E., dhehebu la Kimethodisti lililoanzishwa na Wamarekani weusi, na shule ya mwaka 1918, tukiwa wenyewe watatu. Kwa macho tu, mtu angesema pameisha.

Mimi sikubali kwamba pameisha. Kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu wa waanzilishi hurudi kutoka miji mbalimbali ya Marekani kusherehekea kukombolewa kwa watumwa, desturi iliyoanza mwaka 1878 na bado haijafa. Hata Veryl Switzer, aliyezaliwa hapo mwaka 1932 na kuichezea Green Bay Packers, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, hakuacha kurudi kwenye ardhi ya wazazi wake. Sensa huhesabu wanaolala mahali; haiwahesabu wanaosema "kwetu" wakimaanisha mahali hapo. Mtu aliyekulia Rombo, kwetu mkoani Kilimanjaro, Tanzania, halielewi jambo hili kwa kulisoma tu. Sisi tumeona nyumba zilizofungwa mwaka mzima zikifunguliwa Desemba, barabara ya Moshi ikijaa magari ya kutoka Dar es Salaam, na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kilichobaki na mzee mmoja kikijaa watu wasiopata pa kulala.

Njiani kurudi Aneth aliuliza, "Baba, waliohama wanarudi kufanya nini, na hapa hakuna kitu?"

"Kuonana, mwanangu. Na kuwaonyesha watoto makaburi ya wazee wao."

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza ni nani waliozikwa kihambani kwetu. Baba Aneth alitaja babu, akataja na baba wa babu, akasita. Mimi niliongeza bibi wawili upande wake ambao mama mkwe aliwahi kunitajia. Zaidi ya hapo hatukufika, na hofu iliyonishika haikuwa ya Kansas tena. Mtoto wetu anajua Kiswahili, lakini hajawahi kukanyaga Rombo, na siwezi kumtaka arudi mahali ambapo sijampa hata majina ya wazee wake waliozikwa hapo.

Tumekubaliana kwamba mwisho wa Julai tutarudi Nicodemus, wenyewe wakiwapo, kama watatukaribisha kama wageni. Kabla ya hapo, Jumapili hii baada ya ibada, Aneth atampigia simu babu yake, na safari hii yeye ndiye atakayeshika kalamu na daftari.