Wanne wa Ndani wa Pirates: Nani Abaki, Nani Apishe

Michezo ya jioni ya Pirates, timu ya besiboli ya Pittsburgh, Marekani, huanza saa saba na dakika arobaini usiku kwa saa zetu za Kampala. Katika msimu wa 2025 nilikesha mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye kazi ya asubuhi, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, nikiitazama timu hiyo ikirudi benchi bila hata hiti moja, yaani pigo linalomfikisha mpigaji salama kwenye besi. Baba mwenye nyumba, ambaye huuona mwanga wa dirisha langu, aliniuliza siku moja kama nimepata kazi ya ulinzi. Nilimjibu kwamba ninalinda besi ya tatu, lakini hakucheka.

Mapenzi yangu kwa timu hii yana asili ya hapa hapa nyumbani, kwa kuwa Pirates ndio waliomsajili David Matoma, mrushaji kijana wa Uganda. Hata hivyo, warushaji hawajawahi kuwa tatizo lao. Mrushaji wao Paul Skenes alimaliza msimu huo akiwa na wastani wa pointi 1.97 alizoruhusu kwa kila ingwe tisa, yaani vipindi tisa vya mchezo mzima, kiwango ambacho katika timu nyingine kingemletea ushindi chungu nzima, lakini yeye alishinda michezo 10 na kupoteza 10. Timu nzima ilipiga homurani 117, yaani mapigo ya kupeleka mpira nje ya uzio, idadi ndogo kuliko ya timu yoyote kati ya zile 30 za ligi kuu, ikamaliza na ushindi 71 na vipigo 91. Wachezaji wa nje wana sehemu yao katika lawama hizi, lakini mimi huwatazama zaidi wale wanne wa ndani, yaani walinzi wa besi ya kwanza, ya pili na ya tatu pamoja na shotistopu anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, kwa sababu nami nilikuwa shotistopu shuleni na ninaijua aibu ya kudaka kila kitu kisha kushika gongo kama mtu anayefukuza nyuki.

Chukua mfano wa Ke'Bryan Hayes, aliyekuwa mlinzi wao wa besi ya tatu. Aprili 2022 alipewa mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 70, na mwaka 2023 alitwaa Glavu ya Dhahabu kama mlinzi bora wa besi ya tatu katika Ligi ya Taifa, moja ya matawi mawili ya ligi kuu, huku akipiga homurani 15 na wastani wa 0.271, yaani hiti zake zikigawanywa kwa zamu zake za kupiga. Kisha mgongo ukaanza kumsumbua. Mwaka 2024 alicheza michezo 96, akapiga homurani nne tu na wastani wake ukaporomoka hadi 0.233, na mwaka uliofuata gongo halikuamka, hadi mwisho wa Julai 2025 alipouzwa kwa timu ya Cincinnati. Wapo waliosikitika. Mimi niliona kwamba uamuzi ulichelewa, kwa sababu besi ya tatu ni mahali ambapo timu hutegemea mtu wa kupeleka mpira nje ya uzio, na mlinzi hodari asiyepiga huhitaji wenzake watatu wenye nguvu ya kuuziba upungufu wake. Pirates hawakuwa na hata mmoja wa namna hiyo.

Kasoro hii ni ya zamani katika timu hiyo, na sisi Waafrika tunaifahamu kupitia Gift Ngoepe. Kijana huyo wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pirates mwaka 2008, akapanda ngazi za ligi ndogo kwa karibu miaka tisa kutokana na glavu yake, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, tena akapata hiti katika zamu yake ya kwanza dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs. Mwaka huo alimaliza na hiti 12 katika zamu 54, yaani wastani wa 0.222, na mwaka uliofuata, akiwa na timu ya Toronto, alipata hiti moja tu katika zamu 18. Mlango ukafungwa. Ninamheshimu mno, na ndiyo maana hunikera kuona timu ile ile ikiendelea kukusanya watu wa aina yake na kutumaini kwamba gongo litakuja baadaye.

Jared Triolo ndiye mfano wa sasa: alipata Glavu ya Dhahabu mwaka 2024 kwa uwezo wa kucheza nafasi nyingi, na kwangu nafasi yake ni kuwapumzisha wengine, si kuanza kila siku. Spencer Horwitz abaki besi ya kwanza. Nick Gonzales, aliyevunjika kifundo cha mguu siku ya ufunguzi wa msimu wa 2025, anastahili muda zaidi katika besi ya pili kabla hatujamhukumu, ingawa nyuma yake yupo Termarr Johnson, aliyechaguliwa wa nne mwaka 2022 timu zilipogawana vijana wapya, ambaye jicho lake la kuacha mipira mibaya linanivutia kuliko umbo lake.

Jina linalotajwa na kila mtu, hata hivyo, ni Konnor Griffin. Alichaguliwa wa tisa mwaka 2024 akitoka sekondari, na mwaka 2025 alipita ngazi tatu za ligi ndogo kwa wastani wa 0.333, homurani 21 na besi 65 za kuiba, yaani alizozikimbilia bila kusubiri mwenzake apige. Alizaliwa Aprili 2006, na kabla ya msimu wa 2026 mashabiki walitaka aanze siku ya kwanza. Mimi ningemwacha kwanza ngazi ya juu ya ligi ndogo, aonje warushaji wakongwe wanaojua kumnyima mpira anaoupenda, kisha ningemwita mwezi Juni na kutomrudisha tena, hata akipitia wiki tatu za ukame.

Kwenye daftari langu, kabla ya msimu wa 2026, niliupanga mstari wa ndani: Horwitz, Gonzales, na Triolo akimshikia Griffin nafasi ya shotistopu hadi Juni. Besi ya tatu niliiacha wazi, kwa sababu niliona mtu wa kuijaza hayumo ndani ya timu, ilibidi anunuliwe, na wenye timu si watu wa kufungua pochi haraka.