Ndiyo ya Saa Nne na Dakika Arobaini

Juni 2006 nilikuwa karani wa nyaraka katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Samaki mwenyewe sikumshika. Nilishika ankara, orodha ya maboksi, hati ya mzigo wa ndege na cheti cha afya, kile kinachosainiwa na mkaguzi wa serikali. Lori huondoka jioni, likapita Musoma na Sirari hadi Nairobi, na kesho yake usiku minofu hupanda ndege ya Ulaya. Karatasi husafiri na dereva ndani ya bahasha ya kaki. Mzigo ukitangulia bila cheti halisi, huko uendako ni kama mgeni aliyefika harusini bila kadi: hafukuzwi, lakini ndani haingii.

Jumatatu ile cheti kilibaki mezani. Uzito ulikuwa umerekebishwa kwa kalamu, kilo 2,040 ikafanywa 2,004, na mkaguzi akagoma kutia saini karatasi iliyokwanguliwa. Kipya kilipokamilika, lori lilishatoka na nakala ya kile cha zamani. Bado kulikuwa na nafasi: ndege ya mchana ya Nairobi ingeweza kukiwahisha, au mnunuzi aseme mzigo usubiri ndege ya usiku unaofuata. Samaki aliyelala kwenye barafu safi haozi kwa siku moja. Anapungua bei tu.

Jumanne saa nne na dakika arobaini mnunuzi akapiga kutoka Uholanzi. Meneja alikuwa uwanja wa ndege, simu nikapokea mimi. Mzungu yule alikuwa na haki ya kuhangaika. Tangu Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, kila mnunuzi alikuwa akiuliza karatasi kabla ya kuuliza ubora. Akauliza, polepole kabisa: "Didn't the original certificate go with the truck?"

Kichwani mwangu swali likageuka papo hapo: cheti halisi hakikwenda na lori? Nikajibu kwa uaminifu wote: "Yes." Akasema, "Good, then we go ahead." Nikaona amekubali mzigo utangulie na cheti kifuate. Yeye akaona cheti kiko ndani ya bahasha. Tukaagana kila mmoja akiwa ameridhika.

Mzigo ulifika, ukakwama kwa wakaguzi wa mifugo wa uwanja wa ndege wa huko Ulaya siku moja na nusu, na mnunuzi akakata sehemu ya bei. Sikufukuzwa. Meneja alinitazama muda mrefu, akasema, "Mdogo wangu, Kiingereza chako ni kizuri sana. Ndiyo maana kimetuponza." Jioni ile akanituma kwa mama mmoja mstaafu, aliyekuwa katibu muhtasi serikalini kwa miaka mingi, akifundisha barazani kwake juu ya mawe ya Mabatini kwa shilingi 1,000 kwa jioni. Tulikuwa saba, na wote tulimwita Mama Mwalimu.

Nilipanda na daftari la nyakati za vitenzi, nikijua ndizo zitakazofundishwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Hilo daftari weka chini. Hujachoka na mlima?" Nikasema ndiyo. Akacheka mpaka kanga ikamteleza begani.

Alinieleza hivi. Kiswahili hujibu maneno ya muulizaji. Akisema "hukutuma?" na kweli hukutuma, unamwambia ndiyo, yaani ulivyosema ndivyo. Kiingereza hakimjali muulizaji, kinajali tendo. Tendo limefanyika, ni "yes". Halikufanyika, ni "no", hata swali lingekuja limepinda vipi. Kwa hiyo baada ya "yes" kitenzi hakikanushi, na baada ya "no" lazima kikanushe. "Yes, it didn't" ukiisikia mdomoni mwako, ujue umerudi Mabatini.

Kanuni haisaidii simu ikiwa sikioni, na yeye alilijua hilo. Dawa yake ilikuwa mbili. Ya kwanza, katika kazi usijibu "yes" au "no" ikiwa peke yake, taja kitu na tendo lake: "The original is still in Mwanza." Hapo hata ukikosea neno la mwanzo, msikilizaji atauliza tena. Ya pili ilikuwa zoezi. Alimsimamisha mtu mmoja na kumrushia maswali ishirini ya kukanusha bila kumpa pumzi: "Don't you live in Igoma? Haven't you eaten? Isn't today Tuesday?" Ukisita, unaanza upya kutoka la kwanza. Wiki ya kwanza sikuvuka swali la tisa. Nilifanyia mazoezi kwenye daladala, nikimjibu konda kimoyomoyo kila alipoita "hujalipa wewe?"

Kisha akaomba nimwonyeshe barua pepe niliyomwandikia mnunuzi baada ya mzigo kukwama. Nilikuwa nimeichapa kwa kujivunia. Ilianza kwa kumtakia afya njema, ikafuata "The aim of this letter is to inform you", yaani dhumuni la barua hii la shuleni, limevishwa suti. Hilo alilipita haraka. Ni upotevu wa mistari miwili tu, alisema, mistari haidai fidia. Kalamu ilisimama kwenye "We are very sorry for the problem of the cargo."

"Hapa ulikuwa unasema pole au samahani?"

Pole, nikamjibu. Mtu amepata shida, unampa pole hata kama wewe hukuwepo.

Akachora mstari chini ya "sorry" mara tatu. Sisi tuna maneno mawili na wao wanatumia moja, na mtu mwenye hasara mkononi atachagua maana inayomfaa. Katika barua ya biashara ataisoma samahani, na samahani ni kukiri. Ukitaka kutoa pole andika "We regret to hear that the cargo was held". "We apologise" ibaki kwa siku ambayo bosi ameshakubali kwamba kosa ni letu na gharama tutabeba. Kwa kesi yangu kosa lilikuwa letu kweli, lakini, alisema, kukiri kwa kampuni si kazi ya karani.

Mstari wa mwisho wa barua ulikuwa na ugonjwa mwingine: "We will send the new documents until Friday." Nilitafsiri hadi. Kwa Kiswahili duka liko wazi hadi Ijumaa, na ripoti inatakiwa hadi Ijumaa. Neno ni hilo hilo. Kiingereza kinazitenganisha. "Until" ni jambo linaloendelea muda wote mpaka likome. "By" ni jambo la mara moja lisilovuka siku hiyo. Nilikuwa nimemwahidi Mholanzi kumtumia nyaraka mfululizo, kila siku, hadi Ijumaa ndipo niache.

Kuhusu saa hakutaka mjadala. Saa tatu asubuhi ni 09:00, na aliyekariri "three o'clock" atamwamsha mteja au atamkosa. Andika tarakimu nne, na useme ni saa za wapi; majira ya joto tunawatangulia Waholanzi kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili. Tarehe, mwezi uandikwe kwa herufi: 05/06 kwetu ni Juni, kwa Mmarekani ni Mei.

Barua ile tuliiandika upya pale pale, kwa taa ya kandili maana umeme ulikuwa umekatika. Mwaka ule ulikatika sana. Kutoka mistari kumi na minne ikabaki minne: cheti kiko wapi, nani anakileta, kitafika lini kwa saa za Uholanzi, na nani apigiwe kisipofika. Kwa kuwa tulimtaja mtu kwa jina baada ya "Dear Mr", chini tukaweka "Yours sincerely". "Yours faithfully" ni ya "Dear Sir", usiyemjua jina. Niliuliza kama kuna atakayejali. "Mwenye kujali ndiye atakayekujibu," akasema, akaniambia nifute mstari mmoja zaidi.

Siku za mwisho za mwezi nilivuka maswali yote ishirini. "Yes" na "no" zikawa zinatoka zenyewe, hata nisipozihitaji. Jumamosi moja nilirudi nyumbani saa tatu usiku, nimechoka na nina njaa. Mama alikuwa amebakiza ugali na sato wa kuchoma, ameufunika kwa sinia jikoni.

"Hujala?" akaniuliza.

"Hapana," nikamjibu.

Akasema vizuri, akawaita watoto wa jirani.