Siku yangu chini ya kitovu cha galaksi

Saa 12:30 asubuhi naanza kwa kusoma rekodi ya usiku. Antena yetu, waya wa shaba wenye urefu wa takriban mita 7 uliofungwa kwenye nguzo mbili kando ya shamba la zabibu huko Hombolo, hupokea mawimbi ya redio ya megahezi 20, karibu na masafa ambayo Karl Jansky aliyatumia nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930 alipobaini kwamba galaksi yetu hutoa mvumo wa mawimbi ya redio. Kilele cha mvumo kimewahi kwa takriban dakika 4 kuliko jana, kama ipasavyo kwa chanzo kinachofuata mwendo wa nyota.

Saa 3 niko chuoni, kwenye kazi niipendayo kuliko zote: kutafuta zilipo elektroni za miale ya kosmiki. Miale ya kosmiki ni chembe zenye chaji zitokazo anga za mbali, na sumaku ya galaksi huzipindisha hata zikitufikia haziwezi kutuambia zilikotoka. Elektroni zilizomo miongoni mwao, zikizunguka katika sumaku hiyo, hutoa mawimbi ya redio, nayo hayapindishwi hivyo. Katika masafa ya chini, mawingu ya hidrojeni yaliyopashwa joto na nyota changa huyazuia mawimbi yatokayo nyuma yake. Kwa hiyo, umbali wa wingu ukijulikana, mng'ao unaobaki ni wa elektroni zilizo kati yetu na wingu hilo. Ndivyo tunavyojua elektroni zimejazana wapi, na sioni njia nyingine inayolionyesha jambo hili waziwazi hivi. Picha ninazopima ni za darubini ya redio ya MWA ya Australia, zinazoanzia megahezi 72.

Saa 9 alasiri nafika shambani.

“Mbukwa, babu.”

“Mbukwa, mjukuu wangu. Pampu nimeshaizima.”

Kidhibiti cha pampu ya sola hutoa kelele ya redio inayofunika mvumo wa galaksi nzima, na mzee huyu ameielewa shida hiyo kuliko wengi.

Kabla kidogo ya saa 5 usiku, katikati ya Julai, kitovu cha galaksi hupita nyuzi 23 tu kutoka utosini, ilhali Uholanzi, iliko darubini ya LOFAR, hakipandi hata nyuzi 10 juu ya upeo. Antena moja haiwezi kutenganisha wingu na wingu, hivyo usiku huu tunapima mahali pa kusimika nguzo za antena ya pili, upande wa magharibi, mbali na nyaya za umeme.