Ninavyomeza kidonge cha tezi mwezi wa Ramadhani

Homoni ya tezi yangu ya shingo ilipungua baada ya kujifungua kitinda mimba, na tangu hapo nameza levothairoksini, kidonge cha kuziba pengo la homoni hiyo. Ramadhani ikikaribia, wenzangu wenye tatizo hili huniuliza nafungaje. Swali lina uzito, kwa sababu kidonge hiki kinataka tumbo tupu, na sisi tumbo tupu tunalo mchana, wakati ambao hata maji hatunywi.

Mimi nilianza kwa kuielewa tezi yenyewe. Inachukua madini joto kutoka kwenye damu, inayaunganisha kwenye protini yake, kisha inatoa homoni mbili: T4, ambayo ndiyo nyingi, na T3 kidogo. T4 ina chembe nne za madini joto. Ini na viungo vingine huiondolea moja ikawa T3, yenye nguvu zaidi. Anayesimamia kazi yote ni pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo. Homoni ikipungua kwenye damu, hutoa kwa wingi TSH, homoni yake ya kuihimiza tezi ya shingo. Ikizidi, huibana TSH. Cheti changu cha kwanza kilikuwa na TSH juu na T4 chini: tezi inahimizwa, nayo haina uwezo wa kuitika.

Kidonge ni T4 ileile, na nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya siku 7 hivi. Hapo wasiwasi ulinipungua sana. Kusogeza saa ya kumeza hakuniangushi. Kinachoangusha ni kukimeza pamoja na chakula, kahawa, maziwa au vidonge vya madini ya chuma siku baada ya siku, kwa sababu sehemu ya dawa hupita tumboni bila kuingia kwenye damu.

Daktari alinipa njia mbili: wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula, au kabla ya daku. Ya kwanza huku kwetu Tanga ni ngumu. Tunafuturu magharibi, tukitoka tarawehe tunakula tena, na mgeni akija hapo katikati chai ya maziwa lazima. Nikachagua daku. Saa tisa na nusu usiku naamka, nameza kidonge kwa maji matupu, halafu nainjika wali au napasha kiporo. Mpaka watoto waamke na sahani zitengwe, saa nzima imeshapita. Vidonge vyangu vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, nimevihamishia kwenye futari, maana vinatakiwa viachane na hiki kwa saa nne.

TSH hutulia polepole, kwa hiyo nilipima wiki 6 baada ya kubadilisha saa. Ilikuwa ndani ya kiwango, na daktari akaniachia dozi ileile. Dada mwenye mimba asiige ratiba yangu: mahitaji yake ya homoni hupanda mapema, na mtoto tumboni anategemea homoni ya mama miezi ya mwanzo. Amwone daktari mara tu anapojua ni mjamzito, suala la kufunga lifuate baadaye.