Elfu arobaini, kamera mbili na ndege wa mafunjo

Zamu yangu ya chama chetu cha kuchangiana fedha ilipofika, nilipokea shilingi elfu arobaini ambazo kichwani mwangu zilikuwa zimeshatumika zamani. Nilitaka kamera. Kila Jumamosi niliyowapeleka watoto wa klabu ya wanyamapori ufuoni Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, tulirudi na picha za simu: ziwa kubwa, anga kubwa, na kidoa cheusi katikati. Mimi nikisema kidoa kile ni tai mla samaki. Watoto wa darasa la sita hawajui kuficha mashaka. "Mwalimu, hii si ni uchafu wa kioo?"

Mtu wa kwanza niliyemwuliza ni jirani yangu, anayepiga picha za harusi na matanga. (Matanga ya huku kwetu ni kazi nzito kuliko harusi, ukoo mzima upigwe picha kwa makundi, na kila kundi lina mtu aliyekwenda kutafuta kiatu.) Hakufikiri hata. "Mwalimu, nunua DSLR. Hizo nyingine ni za watalii." DSLR ni ile kamera yenye kioo ndani, unayoweza kuibadilisha lenzi. Yeye anatumia Canon EOS 1300D, iliyotoka mwaka 2016, na kwake kamera isiyobadilishwa lenzi ni simu iliyonenepa tu.

Nikateremka mjini, Mtaa wa Oginga Odinga. Muuzaji aliniwekea mbili juu ya kaunta, zote zilizotumika: EOS 1300D kama ya jirani, pamoja na lenzi yake ya kuanzia ya milimita 18 hadi 55, kwa elfu thelathini na sita; na Canon PowerShot SX60 HS ya mwaka 2014, zumu mara 65, kwa elfu thelathini na nne. Nilikuwa nimejidanganya kwamba hiyo ya pili ingeingia mfukoni. Wapi! SX60 ina gramu 650. Ile DSLR bila lenzi haifiki 500, na ukiifunga lenzi yake ndogo zinakaribia kulingana. Kwa hiyo hoja ya wepesi ikafia pale kaunta.

Kuhusu hiyo "mara 65", nilihitaji siku kadhaa kuelewa. Haisemi kwamba kamera inakuvutia kitu mara 65 kuliko jicho lako. Ni hesabu ya kugawanya tu: upande mpana wa lenzi ni sawa na milimita 21 na upande mrefu ni sawa na 1365, kwa kipimo cha filamu ya zamani ya milimita 35. Gawa, utapata 65. Lenzi ya 18 hadi 55 ni zumu mara tatu, nayo ikiwa kwenye DSLR ile inazidishwa kwa 1.6, ikawa kama 29 hadi 88. Kwa tai aliyetua mita hamsini, hiyo 88 ni kama kumtazama kwa macho matupu.

Basi kwa nini jirani aapie DSLR? Sababu ni sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Ya 1300D ina upana wa milimita 22.3 na urefu wa 14.9. Ya SX60 ni kama 6.2 kwa 4.6. Ukipiga hesabu ya eneo, moja ni kubwa karibu mara kumi na mbili. Mimi naielewa hivi: paa la nyumba na paa la choo, kila moja lina mfereji wake na tangi lake. Mvua ikinyesha kutwa, matangi yote mawili yatajaa na hutaona tofauti. Ikinyesha dakika tano, utaona. Ziwani asubuhi ni mvua ya kutwa. Ukumbini jioni ni ya dakika tano.

Ningeweza kuendelea kusoma hivyo mpaka chama kinizungukie tena. Kilichonisaidia ni kuazima. Jirani alinipa 1300D na lenzi yake ya 55 hadi 250. Mwalimu mwenzangu anayetoka Ahero alikuwa na SX60 aliyoachiwa na shemeji yake, nayo ilikaa kabatini kwa sababu mke wake anapenda simu. Jumamosi moja nikaingia mashua nikiwa na kamera mbili shingoni kama mwandishi wa habari.

Tuliondoka Dunga saa kumi na mbili na nusu, jua likitoka. Mzee wa mashua alizima injini tulipokaribia mafunjo, yale wanayoyaita togo kwa Kijaluo na kufumia mikeka, akaanza kusukuma kwa mti. Tulikuwa tunamtafuta gonoleki wa mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano. Rangi zote hizo, na bado hujificha vizuri kuliko mdaiwa. Unamsikia tu, dume na jike wakijibizana ndani ya majani. Ghafla mmoja akapanda juu ya shina. Nikainua DSLR, nikabonyeza, ikaitika papo hapo. Nikashika SX60, nikavuta zumu mpaka mwisho, nikaona majani. Nikasogeza kulia: majani. Kushoto: majani mengine. Nilipompata, alikuwa ameshaondoka na tawi linatikisika.

"Japuonj," mwalimu kwa Kijaluo, mzee akaniambia, "huyo hangoji."

Dakika ishirini baadaye tukamkuta tai mla samaki juu ya nguzo ya wavuvi, ametulia kama chifu. Hapa mambo yakageuka. SX60 ilinipa jicho, mdomo, hata damu ya samaki kwenye kucha. DSLR ilinipa tai mdogo, nguzo ndefu na ziwa. Kisha akaruka. SX60 ikapiga anga tupu mara nne, kwa sababu kidirisha chake cha kutazamia ni skrini ndogo, na kwa kitu kinachoruka jicho hubaki nyuma. DSLR unaangalia kupitia kioo, unaona kitu chenyewe, nami nikampata mabawa yote mawili yakiwa wazi. Mdogo, lakini mabawa yapo.

Jioni nilifungua picha zote kwenye kompyuta ya saiba, Kondele. Nikaikata picha ya tai ya DSLR mpaka alingane na yule wa SX60. Lenzi ya 250 kwenye mwili ule ni sawa na 400, na 400 kwa 1365 ni pengo la mara tatu na nusu hivi, kila upande. Kwa hiyo kati ya pikseli (nukta zinazounda picha) milioni 18, nilibakiwa na kama milioni moja na nusu. Inatosha kutuma kwa simu. Haitoshi kubandika ukutani darasani, na ukuta wa darasa ndiko picha zangu zilikuwa zinakwenda.

Jumatano iliyofuata kulikuwa na usiku wa zawadi shuleni, ukumbi wenye taa mbili, moja ikikonyeza. Nikazijaribu tena. SX60 ilitaka kupandisha ISO (kipimo cha jinsi kamera inavyoongeza nguvu ya mwanga hafifu) hadi 1600 na zaidi, na nyuso za wazazi zikatoka na punje kama uji wa wimbi uliosagwa vibaya. Ukikaribiza kwa zumu inakuwa mbaya zaidi, maana tundu la lenzi linazidi kubana, kutoka f/3.4 hadi f/6.5. DSLR kwa ISO ileile ilitoa nyuso safi za kuuzwa. Jirani alikuwa amekaa safu ya nyuma, akanitazama kwa ile tabasamu ya mtu anayengoja kuombwa msamaha.

Sasa ukiniuliza kamera gani ni bora, sina jibu, na wakati ule sikuwa nalo pia. Niliacha kuuliza hivyo. Nikatoa daftari la klabu nikahesabu mwaka uliopita tulikuwa wapi tulipohitaji picha. Nje, mchana, kitu kikiwa mbali: mara thelathini na moja. Ndani, jioni: mara nne. Nikahesabu na fedha. DSLR na lenzi yake ndogo ilikuwa ndani ya bajeti, lakini ile 55 hadi 250 ilikuwa elfu kumi na nane juu yake, na nimeshasema ilinifikisha wapi. Zipo lenzi za 150 hadi 600. Zina uzito wa karibu kilo mbili na bei ya pikipiki, na hata hizo kwenye 1300D zinafika 960, si 1365. Mama watoto alisikiliza hesabu yote hiyo, akauliza swali moja: "Na watoto wa shule wataruhusiwa kuishika?" Nikafikiria darasa la sita wakibadilisha lenzi kwenye upepo wa ziwa. Yakaisha.

Nilinunua SX60, lakini si ile ya kwanza, na hapa naomba usome polepole kama una nia ya kununua iliyotumika. Kamera hizi lenzi yake hutoka na kuingia kila siku, na inapotoka huvuta hewa na vumbi. Vumbi likikaa juu ya sensa huwezi kufungua ukapuliza kama kwenye DSLR. Lazima fundi aifumue yote. Kwa hiyo nikiwa dukani nilitoka nje, nikaweka tundu kwenye f/8, nikapiga picha ya wingu jeupe zumu ikiwa imevutwa. Madoa matatu ya kijivu. Muuzaji akasema ni ndege. Nikampongeza kwa ndege wanaokaa mahali pamoja katika picha sita, nikaenda duka lingine. Ya pili ilikuwa safi. Niliisikiliza pia lenzi ikitoka: isikwaruze, isisite katikati, na ikifika mwisho isicheze ukiigusa. Tukaelewana elfu thelathini na moja, pamoja na betri ya ziada, kwa sababu hiyo moja huisha kabla ya safari.

Miezi miwili ya kwanza nilijuta. Picha zilikuwa na ukungu. Nikadhani nimeuziwa mbovu, kumbe nilikuwa navuta zumu mpaka mwisho kwa kila kitu. Kwa milimita 1365, mapigo ya moyo wako yanaonekana, achilia mbali mashua. Nikajifunza kukaa chini ya mashua, viwiko juu ya magoti, kupiga nne tano mfululizo na kutegemea moja. Nikajifunza pia kwamba baada ya saa tatu asubuhi maji yanaanza kupumua joto, hewa inatetemeka, na hakuna kamera ya bei yoyote itakayokupa manyoya ya ndege aliye mita mia. Dawa ni kuamka mapema na kumlipa mzee wa mashua asogee.

Na gonoleki? Ubavuni mwa lenzi ya SX60 kuna kitufe ambacho nilikipuuza kwa wiki nyingi. Ukikibonyeza na kukishikilia, zumu inarudi nyuma, inakuonyesha eneo lote na fremu ndogo katikati. Unamweka ndege ndani ya fremu, unaachilia, kamera inarudi ilipokuwa. Siku niliyokijua nilitaka kumpigia simu mwalimu wa Ahero nimuulize kama anajua alichokiacha kabatini. Ndege huyo sasa yuko ukutani, darasa la sita, ukubwa wa kalenda.

Kakamega ilinirudisha chini. Tuliwapeleka watoto msituni, mbega wakiwa juu kabisa, na chini ya miti ile mchana ni kama saa kumi na mbili jioni. Uji wa wimbi tena. Mbega mweusi mwenye mkia mweupe, nyuma yake anga jeupe: kamera inaamini anga, mnyama anakuwa shimo jeusi. Nilipandisha mwanga hatua moja na nusu, nikahifadhi faili ghafi (picha ambayo kamera haijaichakata) badala ya JPEG ya kawaida ili nirekebishe baadaye, SX60 inaruhusu hilo. Nikaokoa picha sita kati ya mia na kitu. Na DSLR ya jirani ingeokoa nyingi zaidi, nakubali, ingawa mbega wangekuwa wadogo.

Kuhusu usiku wa zawadi, mwalimu mkuu aliniambia mwaka huu nitapiga picha mimi kwa sababu "una kamera kubwa". Nilitaka kumweleza habari za paa la choo, nikaona bora niende kwa jirani.

Alinipata mlangoni pake kabla sijabisha. Alikuwa anatoka kuja kwangu. Alikuwa na kazi Jumamosi, mechi ya shule za sekondari katika uwanja wa Mamboleo, wazazi wanataka sura za watoto wao na yeye haruhusiwi kushuka karibu na mstari. Aliongea mvua, akaongea bei ya nyanya, akaulizia watoto. Mwishowe akaweka 1300D mezani, na lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana la f/1.8 juu yake, inayomeza mwanga wa ukumbini kama kiu.

"Mwalimu, nitunzie hii mpaka Jumapili. Hii ni kamera."

Nami nikaingia ndani kumletea ile ya watalii.